Siku Wakubwa Walipomlilia Bi Kobe

Zamani hizo za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao, masufuria yao na baraza lao la kutunga sheria, mambo ya Jimbo la Bonde Kavu yalibadilika siku ya Jumatano, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa ukame, saa tano na dakika ishirini za asubuhi.

Saa hiyo Bi Kobe alifariki barazani, ameegemea meza, katikati ya hotuba yake.

Hakuna aliyetambua upesi. Bi Kobe alikuwa msemaji wa taratibu mno. Akitamka neno moja, uliweza kumenya chungwa zima kabla neno la pili halijafika. Siku hiyo alisema, "Waheshimiwa... chemchemi hii... ni..." kisha akanyamaza. Wajumbe wakangoja, kama walivyozoea. Nyati akapiga miayo. Kifaru akaanza kukoroma, khoo, khoo.

Aliyekaa jirani yake alikuwa Pimbi, mjumbe wa Majabalini. Pimbi alikuwa mdogo kuliko wajumbe wote. Hakuwa hata na mkia wa kujifukuzia nzi, na kiti chake kilikuwa juu ya matofali mawili ili kidevu kifike mezani. Siku hiyo alikuwa na njaa. Akainama, akamnong'oneza, "Maliza basi, mama, tukale."

Bi Kobe hakujibu. Pimbi akamgusa begani. Ndipo ikajulikana.

Baraza likaahirishwa, mama wa watu akazikwa. Lakini yale maneno, "maliza basi, mama, tukale," hayakuzikwa. Pimbi alilala nayo na akaamka nayo wiki nzima.

Sasa sikilizeni jambo lililokuwa mezani siku ile. Kiboko, mjumbe wa Madimbwini, alikuwa ameleta Mswada wa Chemchemi. Mswada huo ulisema kwamba chemchemi ya Maji Matamu ijengewe ukuta wa mawe, na mlangoni iwekwe mizani. Mwenye uzito mkubwa aingie anywe. Asiye na uzito angoje nje, anywe tope litakalotiririka chini ya ukuta.

Mtasema, kwani wadogo hawakuwa na kura? Walikuwa nazo. Wadogo barazani walikuwa arobaini, wakubwa saba tu. Lakini kura za Bonde Kavu zilipigwa kwa sauti. Spika aliuliza, "Wanaokubali?" na wakubwa saba wakanguruma "Ndiyooo" mpaka vumbi likadondoka darini. Kisha akauliza, "Wasiokubali?" na wadogo arobaini wakalia "siyo", ikasikika kama mlango uliokosa mafuta. Basi wakubwa wakashinda. Ilikuwa hivyo tangu mababu, na wadogo walirudi nyumbani wakijisifu kwamba wao nao ni waheshimiwa.

Aliyeuzuia mswada ule ni Bi Kobe peke yake. Kanuni zilimpa kila mjumbe dakika tano za kusema, ila aliyepita umri wa miaka mia hakuwekewa saa. Bi Kobe alikuwa na miaka mia na kumi na minne. Kila mswada ulipoletwa, alisimama akasema polepole hadi jua likazama, na jua likizama baraza hufungwa. Alifanya hivyo siku kumi na moja mfululizo, bila chuki na mtu, na kila siku alianza kwa kumshukuru Mungu.

Siku ya kumi na mbili ndiyo hiyo aliyofariki. Ilikuwa imebaki siku moja tu ya kikao. Mswada usiopigiwa kura siku ya mwisho huanguka, wala hauwezi kuletwa tena mpaka mwaka uishe.

Asubuhi ya siku hiyo ya mwisho, Pimbi alisimama mbele ya kioo akifunga tai. Alijifunga mara tatu, na kila mara tai ilimfika magotini.

"Leo utafanya nini, baba watoto?" mkewe akamuuliza, akimimina uji bakulini.

"Nitasema."

"Wewe?"

"Mimi. Kwani mimi si mjumbe?"

"U mjumbe, mume wangu, sijakataa. Lakini hotuba yako ya mwaka jana iliisha kabla karani hajachovya kalamu. Unasema kama maharagwe yanayomwagika sakafuni."

Pimbi alijijua. Miaka tisa barazani, na hoja yake moja tu ndiyo iliyowahi kupita, ile ya kuomba dirisha lifunguliwe. Akachukua kitabu kikubwa cha kanuni alichoachiwa na Bi Kobe, akakibeba kichwani kwa sababu hakikuenea kwapani. Katikati ya kitabu palikuwa na jani kavu aliloweka marehemu kama alama. Wiki nzima ya msiba Pimbi alikuwa amesoma ukurasa ule ule.

Alipofika barazani alikuta roshani ya wananchi imejaa kobe. Walikuwa zaidi ya mia, jamaa wa marehemu. Walifunga safari siku ya mazishi na ndiyo kwanza wanafika.

Kiboko alikuwa mlangoni anacheka na Nyati. "Karibu, Mheshimiwa Pimbi. Leo hatuna wa kutuchelewesha. Kabla ya chai tutakuwa tumepiga kura. Umekuja na hotuba?"

"Ndogo tu, Mheshimiwa."

"Inafanana na mwenyewe," akasema Nyati, wakacheka tena.

Kengele ikalia, ngo, ngo, ngo. Spika Twiga akaketi kitini pake. Alikuwa amechaguliwa kuwa Spika kwa sababu moja, kwamba ndiye pekee aliyeweza kuona nani amesinzia viti vya nyuma. Dua ikasomwa. Kisha Spika akasema, "Waheshimiwa, tumeondokewa na mwenzetu. Tusimame dakika moja, halafu tuendelee na mswada."

Pimbi akapanda juu ya meza yake. "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika."

"Sema, lakini polepole. Mara ya mwisho tulidhani umepiga chafya."

"Kanuni ya arobaini na moja. Mjumbe akifia barazani, rambirambi hutangulia mambo yote. Kila aliyekuwa rafiki yake atasema. Mtoa rambirambi hawekewi saa, wala hakatizwi."

Spika akainamisha shingo mpaka kwenye meza ya karani. Karani Korongo akafunua kitabu chake, fyaa, fyaa, akasoma, akatikisa mdomo. "Ndivyo ilivyoandikwa, Mheshimiwa. Haijatumika miaka themanini, maana wajumbe wetu hufia majumbani."

"Haya," akasema Kiboko, "rafiki zake waseme upesi. Ni nani hao?"

"Hilo lisikusumbue, Mheshimiwa," Pimbi akajibu. "Ni mimi na Nungunungu. Dakika tano tutakuwa tumemaliza. Nyinyi wakubwa marehemu hakuwa na mazoea nanyi. Isipokuwa mmoja."

Wakubwa wakatega masikio.

"Mmoja nani?" akauliza Ndovu.

"Basi tu, Mheshimiwa. Aliniambia kwamba humu barazani kuna mkubwa mmoja mwenye moyo, aliyempenda kama ndugu yake. Akanitajia na jina. Sitalisema, wengine wasije wakajisikia vibaya mbele ya jamaa zake."

Kule juu kobe mia moja wakanyoosha shingo zao, taratibu, wote kwa pamoja, kuwatazama wakubwa saba mmoja mmoja. Na wakubwa walijua hesabu ifuatayo, maana hakuna mheshimiwa asiyeijua. Uchaguzi ulikuwa mwakani. Kobe hawakosi kupiga kura, na kwa kuwa wanaishi miaka mia na ushei, ukimuudhi mmoja atakunyima kura yake wewe, mwanao na mjukuu wako.

Ndovu akasimama, kiti kikalia kriii. "Mheshimiwa Spika, sikutaka kujitaja. Huyo mkubwa ni mimi."

"Wewe?" Nyati akaruka. "Wewe uliyemkanyagia bustani ya mchicha?"

"Nilikanyaga kwa mapenzi. Nilikuwa naenda kumjulia hali."

"Na ulipoondoka ukakanyaga tena."

"Mheshimiwa Spika, naomba ulinzi wako. Mtoa rambirambi hakatizwi."

"Hakatizwi," akasema karani.

Basi Ndovu akaanza. Akamshukuru Mungu, akamshukuru Spika, akawashukuru wapiga kura wake kijiji kwa kijiji, akamshukuru mkewe. Kisha akaeleza jinsi Bi Kobe alivyokuwa akimpa ushauri mambo ya ndoa. Akalia. Machozi ya ndovu si mchezo. Wajumbe wa mbele waliinua miguu juu, na karani akahamisha makaratasi. Ndovu alipoketi ilikuwa saa sita.

Nungunungu akamnong'oneza Pimbi, "Ndugu yangu, alikutajia kweli jina la mkubwa?"

"Kaa kimya, tafadhali. Naongea na dhamiri yangu, tena yeye ndiye anayeshinda."

Nyati naye hakukubali kubaki nyuma. Alieleza kwamba Bi Kobe alimlea kwa uji wa mtama. Mtu wa roshani akakohoa. Nyati akaongeza kwamba ulikuwa na maziwa. Akaimba wimbo ambao eti marehemu alimwimbia akiwa ndama, beti tisa, na sauti yake haikufaa hata kuita mbwa. Alipomaliza ilikuwa saa nane kasoro, na chai ilikuwa imepoa kitambo.

"Mheshimiwa Spika," Kiboko akasema, "nashauri tuishie hapo. Mswada unatungoja."

"Ni ushauri mzuri," Pimbi akadakia. "Mheshimiwa Kiboko hana la kusema, na si kosa lake. Rafiki si lazima awe kila mtu."

Kobe mia moja wakageuza shingo. Kiboko akawaona. Akafungua mdomo kusema jambo la mswada, na mdomo wa kiboko, wanangu, ukishafunguka ni kazi kuufunga.

"Nani kasema sina? Mimi na Bi Kobe tuliogelea pamoja utotoni."

"Kobe wa nchi kavu?" akauliza Ndovu.

"Nilimfundisha mimi."

"Utotoni mwako yeye alikuwa na miaka themanini."

"Ndiyo maana alichelewa kujua."

Kicheko kikapita barazani, lakini Kiboko hakurudi nyuma. Alisema kutoka saa nane hadi saa kumi na nusu. Alimsifu marehemu kwa subira, kwa ucha Mungu, kwa mapishi ambayo hakuwahi kuyaonja. Joto likampanda. Akasema Bi Kobe hakuipenda chemchemi kwa ajili ya nafsi yake. Akasema maji ni ya Mungu, na Mungu hakumuuliza mtu uzito alipomwekea kiu. Roshani ikapiga makofi, taratibu, pa... pa... pa... makofi yaliyochukua robo saa kuisha. Kiboko akainamisha kichwa kuyapokea, hakutaka hata moja limpite.

Aliposema hivyo aliupiga teke mswada wake mwenyewe, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kulisikia.

Wakubwa wengine watatu nao wakasema, na Nungunungu akasema maneno yake mawili. Jua likashuka. Likabaki upana wa vidole viwili juu ya mlima. Hapo Kiboko akatazama dirishani, lile lile lililofunguliwa kwa hoja ya Pimbi, akalia, "Mheshimiwa Spika, jua linatuponyoka. Mswada wangu."

"Kuna rafiki mwingine?" Spika akauliza.

Pimbi alikuwa amempigia hesabu Kifaru. Wakubwa saba, sita wamesema, Kifaru peke yake angelifikisha jua nyumbani. Akageuka kumtazama. Khoo, khoo. Kifaru alikuwa amelala tangu wimbo wa Nyati. Pimbi akamkoholea. Nungunungu akamchoma kwa mwiba mmoja, Kifaru akapinduka tu upande wa pili.

"Hakuna mwingine," akasema Kiboko. "Tupige kura."

"Nipo mimi," akasema Pimbi.

Nyati akacheka. "Mwacheni. Hatatuchukulia hata nusu dakika."

Nyati alisema kweli, na Pimbi aliijua kweli hiyo kuliko mtu yeyote. Robo saa ilikuwa imebaki. Hotuba yake ndefu kuliko zote duniani haikufika robo ya robo hiyo. Siku nzima alikuwa amejiona mwerevu, anawavuta wakubwa kwa pua, na sasa ujanja ulikuwa umekwisha kama mafuta ya taa.

Akashuka kutoka juu ya meza yake. Akaenda kusimama pale mahali pa Bi Kobe. Mezani palikuwa na alama mbili nyeupe, mahali alipozoea kuegemeza mikono yake. Pimbi akaweka mikono yake hapo, ikapotea ndani ya alama zile.

Alikuwa ametunga uongo mzuri. Alikusudia kueleza safari ambayo hawakwenda, sikukuu ambayo hawakula pamoja. Akafungua mdomo.

"Waheshimiwa," akasema. "Chemchemi hii... ni..."

Hapo akakwama.

Ni nini? Mama alitaka kusema ni nini? Ni amana? Ni yetu sote? Ni baridi leo? Angengoja kidogo tu, angengoja bila kumharakisha, labda angelisikia neno lile. Yeye alitaka kula. Na chakula cha mchana ule, wanangu, kilikuwa kabichi.

Pimbi akasimama. Hakusema. Machozi yakamtoka, madogo kama yeye, hayakumlowesha mtu. Neno halikuja.

Baraza likangoja.

"Mheshimiwa Spika," Kiboko akanong'ona, "amenyamaza."

"Hakatizwi," akanong'ona karani.

"Lakini hasemi."

"Haijaandikwa kwamba lazima aseme."

Wakangoja. Ndovu akashusha mkonga. Nyati akatazama kwato zake. Kule juu kobe mia moja walikaa bila shida yoyote, maana kwao huko hakukuwa kungoja. Kifaru akazinduka, akaona kimya kile, akadhani ni dua, akafumba macho tena kwa adabu. Nuru ikapanda ukutani kidogo kidogo, ikafika darini, ikatoweka.

Ngo, ngo, ngo.

"Jua limezama," akasema Spika Twiga. "Kikao kimefungwa. Mswada wa Chemchemi haukupigiwa kura, kwa hiyo umeanguka."

Wadogo wakashangilia kwa sauti zao za mlango usio na mafuta. Siku hiyo zilisikika vizuri.

Nje, Kiboko akamfuata Pimbi mpaka chini ya ngazi. Akasimama juu yake, akamkinga upepo.

"Pimbi, umetuchezea."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nimewachezea."

"Sema kweli. Mkubwa aliyetajwa na marehemu ni nani?"

"Hakutaja mtu. Nilidanganya, tena mbele ya jamaa zake. Mungu anisamehe."

Kiboko akapumua, fuuu, kofia ya Pimbi ikaruka. "Na kile kimya cha mwisho? Nacho ni mchezo?"

Pimbi akaokota kofia yake, akaipangusa vumbi. "Kile hapana. Nilikuwa nimejiandaa kudanganya. Nikashindwa hata kudanganya."

Kiboko akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilikuwa nikimwigiza anavyosema, ili Nyati acheke."

"Afadhali wewe," Pimbi akajibu. "Mimi nilimwambia amalize tukale. Ndilo neno la mwisho aliloondoka nalo duniani."

Kiboko akamwinulia Pimbi kile kitabu cha kanuni, akambebea mpaka njia panda ya Majabalini. Walikwenda polepole, ingawa hakuna aliyekuwa amewaambia waende polepole.

Mafunzo ya kisa hiki ni haya, wanangu: anayegombea kuonekana mwema hujifunga kwa maneno yake, na anayemharakisha mzee hubaki na sentensi isiyokwisha.

Usiku huo Pimbi hakula. Aliwakusanya mkewe na watoto, wakakaa mkekani, akaomba kwa namna ambayo hajawahi kuomba, neno moja, kisha kituo, kisha neno jingine:

"Ee Mola... mpokee mama yetu Bi Kobe... mpe kivuli na maji baridi... msamehe kama alitukosea, nasi tusamehe tulivyomkosea... Na neno lile lililombakia mdomoni, mruhusu alimalizie mbele Yako, kwa taratibu zake, asiharakishwe na mtu. Amina."